Kuandaa Meza ya Bwana chuoni: mwongozo kwa kamati za ibada

Kabla hujachagua wimbo hata mmoja, nenda jikoni ukaulize ugali wa mchana unasongwa saa ngapi.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilikosea hapo hapo. Mwaka wangu wa kwanza kama mratibu wa ibada katika chuo kimoja cha theolojia hapa Nairobi, nilipanga Ushirika Mtakatifu uanze saa tano na nusu. Wanafunzi walikuwa na nafasi, walimu walikuwa na nafasi, kinanda kilikuwa kimetoka kwa fundi. Wapishi wanne na mama wa usafi waliingia tukiwa tunakunja kitambaa cha meza. Sahani ilikuwa na makombo, kikombe kilikuwa kikavu. Nikaanza kuomba radhi, mpishi mkuu akanikatiza kwa upole: "Usijali, pasta, sisi tumezoea kula mwisho."

Wiki hiyo hiyo nilikuwa naandika insha juu ya Wakorintho wa Kwanza 11, pale Paulo anapowagombeza waliotangulia kula huku wenzao wakibaki na njaa. Dawa anayowapa ni neno moja: mngojane. Insha nilipata alama nzuri.

Haya ninayoandika yametokana na miaka ya kamati ya ibada baada ya siku ile. Nachukulia chuo chenye watu kama 120 wa madhehebu mchanganyiko. Kama seminari yenu ni ya dhehebu moja, sehemu ya pili isomeni haraka. Ya jikoni msiiruke.

Tafuta saa ya watu wote

Chukua karatasi, andika makundi yote yaliyo ndani ya ua la chuo: wanafunzi wa bweni, wanafunzi wa kutwa wanaoshuka kwenye matatu za namba 111, walimu, watu wa ofisi, wapishi, wa usafi, wa shamba, dereva, masoja wa zamu ya mchana. Mbele ya kila kundi andika saa ambazo hawawezi kabisa kuacha kazi. Kinachobaki wazi ndicho unachogombania. Kwetu ilikuwa dakika arobaini na tano tu, kati ya vyombo vya chai ya saa nne kumalizika kuoshwa na maji ya ugali kuwekwa motoni. Ibada ya Meza isiyo ya kukimbizana inataka saa nzima.

Jibu lilitoka kwa yule yule mpishi. Siku ya Meza, akasema, mchana tule githeri. Mahindi na maharagwe yanaanza kuchemka alfajiri, baada ya chai yanakaangwa kwa kitunguu, kisha moto unapunguzwa na sufuria inafunikwa. Haidai mtu wa kuisimamia. Tangu hapo Jumatano ya kwanza ya mwezi kwetu ni githeri na Ushirika, ibada inaanza saa tano kamili, na wanafunzi wapya hudhani ni desturi ya kanisa fulani la kale.

Usiweke ibada saa mbili asubuhi. Hiyo ni ibada ya wanaolala bwenini peke yao; foleni ya Ngong Road asubuhi haina habari na ratiba yako.

Mara ngapi? Hapo patakuwa na mvutano. Mwanglikana au Mlutheri atataka kila wiki. Mpresbiteri aliyezoea Meza mara chache kwa mwaka, tena baada ya maandalizi, ataona kila wiki ni kuizoea mno. Mara moja kwa mwezi, pamoja na kufungua na kufunga muhula, imetufaa kwa sababu hakuna aliyeridhika nayo kabisa na hakuna aliyeondoka kwa hasira.

Itangaze wiki moja kabla, hata kama kila mtu anajua. Mathayo 5 inamwambia mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu akapatane kwanza na ndugu yake, na kupatana huchukua siku kadhaa. Wapo vijana wawili wanaolala chumba kimoja na hawajasemezana tangu uchaguzi wa baraza la wanafunzi. Wapo wanaodaiana. Miezi ya uchaguzi mkuu, 2017 na tena 2022, kushikana mikono kwa salamu ya amani kulikuwa kugumu kuliko mahubiri yoyote. Mtu akipewa wiki nzima, pengine Jumanne usiku atabisha mlango wa jirani.

Jua nani yumo

Mwanzo wa muhula gawa karatasi yenye maswali matatu. Unatoka kanisa gani? Kanisa lako linakuruhusu kushiriki Meza na watu wa makanisa mengine? Kuna jambo la afya au la maisha yako tunalopaswa kujua kuhusu mkate au divai? Hili la tatu mwenye kutaka amwambie kasisi wa chuo ana kwa ana, asiandike.

Utajifunza mengi kwenye karatasi hizo. Kenya ina Marafiki (Wakristo wa Friends, au Quaker) wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Misheni yao ilifika Kaimosi 1902, na kwao hakuna mkate wala kikombe, ushirika na Kristo ni wa kimya na wa ndani. Jeshi la Wokovu nalo, lililofika hapa 1921, haliadhimishi sakramenti. Mwadventista amezoea kuosha miguu kwanza, kisha mkate usiotiwa chachu na juisi isiyochachuka. Mwanafunzi wa Kiorthodoksi, ambaye kwao mkate ni wa chachu, hatapokea kwenye meza yenu, wala Mkatoliki aliyekuja kusoma kozi moja ya Kiebrania. Aliyelelewa katika makanisa mengi ya kiinjili ya hapa hajawahi kuonja pombe na hataki kuanzia madhabahuni. Na kuna yule aliyewahi kuwa mlevi, ameokoka, na anajua kwamba tone moja linaweza kumrudisha kwenye baa za River Road.

Kwa hiyo usiseme kamwe "sisi sote tutashiriki." Hamtashiriki nyote, na hilo si dharau kwa mtu.

Jambo hili lina historia hapa jirani, na inafaa kila mwanakamati aijue. Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wa Africa Inland Mission walikutana Thogoto, Kikuyu, kuzungumzia namna ya kufanya kazi pamoja. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wengi wakapokea. Askofu Weston wa Zanzibar aliposikia, aliwashtaki Peel na mwenzake Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwa kosa la uzushi. Magazeti ya Uingereza yalijaa barua. Uamuzi ulipotoka 1915, kosa la uzushi halikuonekana, ila walishauriwa ibada ya namna ile isirudiwe. Mkate wa siku moja, ugomvi wa miaka miwili. Mwanafunzi akikwambia mambo ya meza ni madogo, mwambie apande matatu ya Kikuyu akatembee pale Thogoto.

Nani asimame mezani

Mwanafunzi ambaye hajawekewa mikono asiongoze shukrani ya Meza, yaani sala kuu juu ya mkate na kikombe, hata kama ni kiongozi wa sifa mwenye sauti ya kutoa machozi. Makanisa mengi yaliyowatuma wanafunzi hayakubali, na kijana anaweza kurudi nyumbani akakuta barua inamsubiri. Panga walimu na makasisi waliowekwa wakfu kwa zamu, kila mmoja afuate utaratibu wa kanisa lake. Mwezi huu Mwanglikana na kitabu chake, ujao Mpresbiteri na wazee wake wanaopeleka mkate hadi kwenye viti, unaofuata Mmethodisti. Tulijaribu kuunda utaratibu mmoja wa kuchanganya yote. Ulikuwa kama chai iliyotiwa kahawa.

Zamu ziwe na wanawake pia. PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, ilimweka wakfu mchungaji wake wa kwanza mwanamke mwaka 1982, kwa hiyo hili si jambo geni hapa, lakini baadhi ya wanafunzi wanatoka makanisa ambayo bado hayajafika huko. Majina ya waongozaji yabandikwe ubaoni tangu mwanzo wa muhula. Mtu akijua mapema atatafakari, akishtukizwa atanuna.

Wanafunzi wana kazi tele: kusoma Maandiko, maombi, nyimbo, kushika kikombe, kupokea watu mlangoni. Na siku ya Meza mwalimu wa homiletiki, somo la kuhubiri, aache kalamu nyumbani. Nimewahi kuhubiri nikimwona mwalimu wangu safu ya nyuma akiandika kila nilipokohoa. Sikumbuki nilichohubiri.

Maneno ya mwaliko yaandikwe

Kama utaandika kitu kimoja tu neno kwa neno, andika mwaliko. Hapa ndipo waongozaji hujikwaa, kwa sababu husema la moyoni papo hapo: mmoja atasema "wote waliookoka kweli kweli," mwingine "kila mtu apite mbele." Niliwahi kusema hilo la pili. Safu zikainuka zote, na mwanafunzi wa Friends akabaki amekaa peke yake katikati ya viti vitupu, uso umemwiva. Alinisamehe. Lakini muhula mzima hakuja tena siku ya Meza.

Tunayotumia sasa ni haya:

"Meza hii ni ya Bwana. Kama umebatizwa, na kanisa lako linakuruhusu, njoo upokee. Kama leo hutapokea, kwa sababu yoyote ile, unaweza kuja mbele ukiwa umekunja mikono kifuani uombewe, au ubaki umeketi uimbe nasi. Hakuna atakayekuuliza. Kikombe cha upande wa dirishani ni divai. Vikombe vidogo vya upande wa ukutani ni juisi ya zabibu. Mkate usio na ngano uko kwenye sahani ya bluu, uombe tu."

Hayana shairi ndani yake, na ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Mtu akiyasikia anajua miguu yake iende wapi. Yasomwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na kama muhula huo mna ndugu kutoka Burundi au Kongo wanaoelewa zaidi Kifaransa, mmoja wao ayasome kwa Kifaransa pia.

Mkate

Mkate wa dukani wa gramu 400 ukitolewa maganda na kukatwa vipande vya ukubwa wa dadu ya ludo unatosha watu 120 na kubaki. Ni halali, ni rahisi, na siku nyingine hakuna njia nyingine. Ila kuna kitu kinapotea. Mkate ulioletwa tayari umekatwa haumegwi, na kumega ndilo jina la kwanza ibada hii ilipewa katika Matendo.

Tunaoka wenyewe. Unga wa ngano nusu kilo, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko vitatu vya chakula, asali vijiko viwili, maji ya uvuguvugu kidogo kidogo hadi unga ushikane bila kunata. Ukande, uache upumzike dakika ishirini, ugawe madonge matatu, usukume kila moja hadi unene wa nusu sentimita hivi. Kisha, na hili usilisahau, chora mistari kwa kisu bila kukata hadi chini, ya kusimama na ya kulala. Oka kwa nyuzi 180 za Selsiasi dakika kumi na mbili hadi kumi na tano. Kama hakuna oveni, kaango la chapati juu ya jiko la makaa yenye moto mdogo linafaa. Geuza mara mbili, usitie mafuta. Mistari ile ndiyo itakayofanya mkate uvunjike sawasawa. Ukimegwa mbele ya watu walionyamaza, unasikika hadi safu ya nyuma.

Wa sahani ya bluu uokwe kwa unga wa mtama au wa muhogo, kwenye kaango safi, na mtu ambaye hajashika ngano. Usiweke sahani mbili zikigusana.

Mtu atauliza kwa nini tusitumie ugali au chapati. Ni swali zuri na limejadiliwa sana kati ya wanatheolojia wa Afrika. Lijadilini darasani. Siku ya ibada, aliyetoka kanisa linaloshikilia ngano asigeuzwe mfano wa somo lenu.

Kikombe

Hesabu kwanza. Watu wakinywa kikombe kimoja, kila mmoja huchukua funda la mililita tano au sita. Chupa moja ya divai ya mililita 750 inatosha chuo kizima. Vikombe vidogo hutiwa mililita kumi hivi, kwa hiyo watu 120 ni lita moja na robo. Trei moja ya kawaida hubeba vikombe arobaini. Trei tatu, basi. Kama mnagawa vyote viwili, karatasi zako za mwanzo wa muhula zitakwambia utie nusu kwa nusu au vinginevyo.

Kujaza vikombe arobaini kwa jagi ni kumwaga juisi juu ya trei. Tumia birika dogo la chai lenye mdomo mwembamba, anza vikombe vya katikati utoke nje, jaza theluthi mbili tu. Funika mara moja. Oktoba, mijakaranda ikiwa imechanua na madirisha ya chapeli yako wazi, nyuki wananusa juisi kabla ya mashemasi. Niliona mwalimu wa Agano la Kale akiinua kikombe, akatazama ndani, akakirudisha taratibu kwenye trei kama mtu anayerudisha kitabu cha maktaba.

Juisi iwe ya zabibu. Desturi ya juisi isiyochachuka ilipata nguvu 1869 Marekani, pale daktari wa meno Mmethodisti, Thomas Welch, alipoichemsha juisi ya zabibu isichachuke ili kanisa lake lisitumie pombe. Hapa kwetu makanisa mengi hutumia Ribena. Sina ugomvi nayo, nimepokea Ushirika wa Ribena tangu utotoni, lakini tunda lake si zabibu, na wapo ambao hilo kwao ni zito. Juisi ya zabibu inapatikana supamaketi. Soma pakiti, nyingi ni mchanganyiko wa tufaha.

Kuhusu maradhi. Makanisa yalipofunguliwa Julai 2020 kwa masharti ya watu wasiozidi 100 na ibada ya saa moja, kikombe cha pamoja kilitoweka, na pengine kwenu hakijarudi. Kikirudi, anayekishika awe na kitambaa safi, afute ukingo ndani na nje kila baada ya mtu, na akizungushe kidogo kabla ya anayefuata. Wengi hudhani kuchovya mkate ndani ya divai ni usafi zaidi. Fikiria vidole mia vilivyoshika nguzo za matatu vikiingia kikombe kimoja. Mwenye mafua achukue kikombe kidogo, na mgawaji mwenye kikohozi abadilishwe bila aibu.

Chumba, nyimbo na stima

Meza iwe karibu na watu. Kama chapeli yenu ina jukwaa, ishusheni. Kitambaa cheupe cha pamba kisicho na maua utakipata Biashara Street kwa bei ya mapatano. Trei na mabakuli ya chuma, Kamukunji. Kikapu cha mkate, kiondo kutoka Kariokor. Kikombe cha fedha kinapendeza, cha udongo kinapendeza pia, mradi kimetiwa glezi ya kung'aa ndani, la sivyo kitanyonya divai na kunuka.

Panga kama vile stima itapotea. Nyimbo za kugawia ziwe zile watu wanazijua kwa moyo, za Tenzi au pambio, ili projekta ikizimika wimbo usisimame. Kayamba na ngoma havihitaji umeme. Mvua ya Aprili kwenye mabati itameza sauti ya mhubiri yeyote, kwa hiyo aliye mbele ajue: mvua ikianza, imbeni, subirini ipungue.

Mtiririko

Mwito na wimbo wa kufungua, dakika tano. Kuungama, nne, na ndani yake dakika moja nzima ya kimya inayopimwa kwa saa, kwa sababu dakika ya kukisia huwa sekunde kumi na tano. Watu waliolelewa katika uamsho watataka kuungama hadharani. Dhambi yako ni yako kuitaja, ya jirani si yako. Masomo, sita. Mahubiri, kumi na mbili, na mratibu aketi mahali mhubiri anapomwona. Maombi, tano. Amani, tatu. Shukrani kuu, sita. Kugawa, kumi na mbili. Baraka na kutoka, tatu. Zinabaki dakika nne za kuchelewa, nazo zitatumika.

Amani na shukrani zinataka maneno zaidi. Salamu ya amani kila mtu aitoe kwa lugha ya nyumbani, ndipo mwenye kupokea aijibu kwa yake. Fanyeni vivyo hivyo kwa Baba Yetu, wote kwa pamoja, kila ulimi na wake: Kikamba, Dholuo, Kidinka, Kinyarwanda, Kiswahili cha Kongo. Mwanzoni ni vurugu, kisha mwendo unalingana, na mnafika "Amina" karibu pamoja.

Shukrani kuu isiachwe kuwa maombi ya kubuni. Hata makanisa yasiyopenda maombi ya kusoma yana uti wa mgongo ule ule, na hati juu ya ubatizo, ekaristi na huduma iliyokubaliwa Lima mwaka 1982 na wanatheolojia wa makanisa mengi iliuweka wazi: kumshukuru Baba, kumkumbuka Mwana, kumwomba Roho. Anza na "Inueni mioyo yenu," watu wajibu "Twaiinua kwa Bwana," pitia kazi za Mungu, soma maneno ya usiku ule aliotolewa, omba Roho, mega mkate. Anayeongoza bila kitabu aandike vichwa hivyo kwenye kadi.

Kwa kufunga, siku ya Waanglikana hatuachi kamwe baraka ya utaratibu wa Kikenya wa 1989, iliyochukua umbo lake kwa Waturkana: watu husukuma mkono kuelekea msalabani wakitupa huko matatizo yao, magumu yao, kazi za shetani, kisha huinua mikono juu kwa tumaini. Wageni hupenda kupiga picha hapo. Waombe wasipige.

Kugawa

Gawa kwenye vituo viwili. Mtu mmoja kupokea mkate na kikombe huchukua sekunde nane hivi. Mstari mmoja wa watu 120 ni dakika kumi na sita, na wimbo utachoka. Mistari miwili ni nane.

Watangulize wafanyakazi. Tulianza hivyo baada ya lile kosa langu, na mwanzo walikataa, wakaona haya. Sasa mpishi mkuu hushika kikombe mwenyewe mara mbili kwa mwaka.

Wafundishe wagawaji siku iliyotangulia, kwa mkate wa kawaida na maji. Mgawaji atazame uso, kisha mkono. Kipande kiwekwe katikati ya kiganja, kwa kukigandamiza kidogo, kisidondoshwe kama sarafu. Maneno yawe mafupi na yasibadilike: "Mwili wa Bwana, uliotolewa kwa ajili yako." Asiharakishe kwa sababu mstari ni mrefu. Kikidondoka, mgawaji ainame mwenyewe akiokote, akiweke kando, atoe kingine. Aliyekunja mikono kifuani aombewe sentensi moja. Aliyebaki kitini asifuatwe.

Meza hadi langoni

Soja hawezi kuacha lango. Miaka mingi tulimkumbuka kwa sahani ya chakula tu. Kisha tukasoma Justin Mfiadini, aliyeandika Roma katika karne ya 2, jinsi mashemasi walivyowapelekea wasiokuwepo sehemu yao ya mkate na divai, tukaona aibu.

Baada ya watu wote kupokea, anayeongoza humkabidhi mwanafunzi mmoja sahani ndogo na kikombe kimoja chenye kifuniko, mbele ya watu, na wimbo unaendelea. Anakwenda na mzee wa kanisa au kasisi, kulingana na zamu ya mwezi. Kwanza langoni, kisha kwa mgonjwa aliye bwenini kama yupo, kisha kwa mama aliyejifungua kwenye nyumba za wanandoa. Uliza kabla, soja naye ana dhehebu lake.

Nilikwenda mara ya kwanza mwenyewe. Soja, mzee wa umri, alivua kofia, akaegemeza rungu kwenye kibanda, akafuta viganja kwenye suruali. Wakati huo huo lori la maji likafika nje na dereva akapiga honi. Mzee hakugeuka. Akapokea mkate, akautafuna polepole, akashika kikombe kwa mikono miwili. Honi tena. Alipomaliza alinirudishia kikombe, akavaa kofia, ndipo akapaza sauti kuelekea barabarani: "Nimekusikia, baba! Ngoja basi!"

Kinachobaki

Mabaki hayatupwi kwenye ndoo ya nguruwe. Muulize aliyeongoza siku hiyo: wengine watataka yaliwe na kunywewa pale pale, wengine wataridhika mkate ukigawiwa ndege na divai ikimwagwa ardhini safi, chini ya mti. Fuateni imani ya aliyeomba shukrani, hata kama yenu ni nyepesi zaidi.

Vikombe vidogo vioshwe kwa maji moto na sabuni kabla juisi haijakauka, visuuzwe mara mbili, vikaushwe vikiwa vimeinamishwa. Kamati ndiyo ioshe, na jikoni wapewe sinki lao mapema wapakue githeri. Doa la divai kwenye kitambaa lisiguswe na maji moto, litakaa milele. Loweka kwenye maji baridi yenye chumvi, fua, anika juani.

Kikikauka kikunjwe, kirudi kabatini pamoja na sahani ya bluu. Ufunguo wa kabati tunamwachia mpishi mkuu. Kamati hufunga muhula na kwenda zake. Jikoni pana mtu kila siku.